Mayai ya Bu Ngatinem na Adabu za Mawakala Wetu

Klaten, Jawa ya Kati
14 Septemba

Mpendwa Mama Mdogo Sutinah,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko tempe anazokaanga mama siku ya wageni. Goti lako linaendeleaje huko Taichung? Na yule bibi unayemtunza, bado anaficha miwani yake halafu anakusingizia wewe? Sisi huku tu wazima. Mama anakohoa kidogo, ila ukimtajia dawa anakuwa mkali.

Uliuliza habari za kazi. Bado nipo kwa Pak Hardono, mtengenezaji wa mashine za kutotolea vifaranga, lakini sifungi tena maboksi. Amefungua jukwaa mtandaoni ili mteja aulize na mawakala wetu wa kila mji wamjibu. Mimi ndiye wa kuwahimiza mawakala washiriki. Niliwahimiza mpaka sauti ikakauka! Wa Jawa walijiunga wote. Wakasalimiana wiki nzima, wakaombana radhi kwa makosa ambayo hawajatendeana, kisha kimya. Pak Hardono akaapa kwamba swali la kwanza likikosa jibu, jukwaa analifunga na mimi narudi kwenye maboksi.

Swali likaja. Bu Ngatinem wa Sragen, mjane anayefuga bata, aliandika kwamba mashine imepanda joto, kipimajoto kinasoma arobaini, na ndani yamo mayai yake yote ya msimu. Mbuzi wake alikwisha kuwauza ili anunue mashine hiyo.

Unawajua watu wetu. Wakala wa Boyolali akaandika, "Pole sana, Bu. Mimi mdogo, nampisha Pak Darsono." Pak Darsono ndiye mkongwe wao, mashine hizi anazijua kama mfuko wa shati lake. Naye akajibu, "Nitawatanguliaje wenzangu? Karibuni ninyi." Wa Wonogiri akampongeza kwa unyenyekevu. Bu Ngatinem akaandika tena, "Jamani, sasa ni arobaini na moja!" Wakamwombea subira.

Nikampigia simu Pak Darsono. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "si adabu kujitokeza mbele za watu kana kwamba ni mimi tu ninayejua." Halafu akanikaribisha chai siku nikipita kwake. Mama Mdogo, nilitamani kulia.

Basi nikafanya alichonikataza Pak Hardono. Nikamwingiza jukwaani Bu Tiurma Sihombing, wakala wetu wa Siantar kule Sumatra, ambaye bosi aliogopa ulimi wake utafukuza wateja. Kama Wabatak wengi wa huko, ana moyo safi, lakini neno halikai mdomoni mwake likapoa. Hata hakusalimia. "Wewe mama, fungua mlango wa mashine sasa hivi! Na ninyi wanaume mnangoja nini, mayai yaive mlete chumvi?"

Waliudhika wote. Lakini kumwacha mtu wa mbali amsaidie mteja wa Jawa peke yake, hiyo nayo ni aibu. Pak Darsono akaandika, kwa heshima zote, kwamba dada yetu hajakosea, ila mlango usikae wazi muda mrefu. Bu Ngatinem azungushe taratibu skrubu ya joto, na kipimajoto akishushe kiwe usawa wa mayai. Wa Boyolali akatuma picha ya skrubu. Wa Wonogiri akamsahihisha wa Boyolali mbele za watu, fikiria! Nilicheka huku machozi yananitoka, maana Bu Ngatinem alikuwa anaandika kwamba joto linashuka.

Mayai mengine yaliharibika, siwezi kukudanganya. Lakini mengi yameanguliwa, na ametutumia picha ya vifaranga wamejaa kwenye beseni la kufulia. Pak Hardono alininunia kidogo, kisha akaniuliza kama Bu Tiurma ana ndugu wengine wanaouza mashine.

Jana mteja mpya wa Purworejo aliandika kwamba mashine yake imepoa na taa za kuipasha joto haziwaki. Mawakala wakaanza tena: pole sana, mimi mdogo, nampisha fulani. Hawajafika mbali, Bu Ngatinem akamjibu: "Badilisha balbu kwanza, mwanangu. Wazee wakimaliza kupishana watakueleza sababu."

Nisalimie Mbak Yayuk na wenzako wote wa hapo. Mama na mdogo wangu Bagas wanakukumbuka kila tukikaa kula. Mungu akupe afya na akurudishe kwetu ukiwa unacheka.

Wako akupendaye daima,
Retno