Mtoto Ana Majina Matatu, Haitiki Hata Moja

Mpendwa Mama Agnetha, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu kabla shule hazijafunguliwa mwezi wa saba, maana baada ya hapo sijui mtoto wangu atakuwa wapi. Majina yetu uyabadilishe, nakuomba, huku kwetu Ntalikwa gazeti likifika moja linasomwa na mtaa mzima.

Nimeolewa na mwanamume mzuri tu, Ngassa, mkulima wa tumbaku na karanga, hanywi, hanipigi, wala simsemi kwa ubaya. Tuna watoto wawili, wa kwanza Advera, ana miaka kumi, na wa pili ana miaka sita na ndiye ninayemlilia. Huyu tulimbatiza Magreth. Alitembea vizuri, akanawiri mpaka watu wakawa wananisimamisha tukitoka kanisani wamwangalie, lakini alipofika miaka miwili nikaona namwita hageuki, nasimama nyuma yake namwita hageuki, sufuria ikianguka anashtuka analia lakini jina lake haligeukii, na macho yake yananipita kama mimi ni mlango. Tukampeleka hospitali, wakapima masikio, wakasema ni mazima.

Baba mkwe wangu, mzee Lugembe wa Bukene, aliposikia hivyo akasema, "Masikio mazima na haitiki, basi mnamwita kwa jina lisilo lake." Wewe ni mtu wa huku Mama, unajua, kwetu mtoto akilia sana au akiugua bila sababu watu huuliza ni nani katika wazee waliotangulia anayetaka jina lake. Akapewa Kalunde, jina la marehemu mama wa mzee Lugembe. Tukaenda Bukene, pombe ya mtama ikapikwa, mzee akampulizia maji ya unga kifuani, akamfunga shanga nyeupe mkononi. Jua halijazama mtoto alikuwa ameukata uzi kwa meno na shanga amezitema. Wazee wakatazamana, wakasema bibi amekataa.

Sasa hapa ndipo ningependa kunyamaza lakini nimekuandikia ili niseme yote. Nilikuwa na shangazi, Zabibu, dada yake baba, aliyesilimu alipoolewa Chemchem pale mjini, ndiye aliyenilea, na alifariki bila mtoto. Nikamwota amesimama mlangoni anaomba maji. Nilipoamka nikamwambia Baba Advera jina ni la shangazi, akasita, nikalia, nikasusa kula mpaka akakubali, na mzee Lugembe naye akakubali, akasema hata la upande wa mama ni jina. Kwa hiyo jina la tatu nimelileta mimi, hakuna aliyenilazimisha. Na sasa nyumbani mimi namwita Zabibu, baba yake anamwita Kalunde, Advera anamwita Magreth kwa sababu anasema ndilo alilolizoea, na mtoto anatupita wote.

Hospitali nako kila tulipompeleka tulimwandikisha kwa jina la wakati huo, mara ya kwanza Magreth, ya pili Kalunde, ya tatu Zabibu, na kila mara faili jipya, maswali yaleyale, tunaanza moja. Mwaka jana daktari mmoja alikaa akamtazama kwa muda mrefu anavyozungusha kifuniko cha sufuria nilichobeba, akaniambia ni usonji, akanieleza kwamba ubongo wake unapokea mambo kwa njia yake, kwamba si kosa la mtu, ila anahitaji kufundishwa bila kuchelewa zaidi. Kisha akaniuliza, "Mama, mbona miaka yote hii hukumleta?" Nikasema nilimleta. Akatafuta Zabibu, hakuna. Niliona aibu kumwambia atafute majina mengine, nikainama, akaniona mama mzembe, nami nikaacha aone hivyo.

Ndiye aliyenielekeza kwa mwalimu Veneranda, wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya mjini. Nilienda na watoto wote wawili. Mwalimu akashika kalamu, akauliza, "Anaitwa nani?" Nikasema Zabibu. Advera akadakia, "Mama, si Magreth?" Mwalimu akaweka kalamu chini. "Nyumbani mnamwitaje?" Nikasema inategemea ni nani anayeita. Hakunicheka. Alisema nafasi ipo kuanzia Julai, mtoto atafundishwa kuomba anachotaka, kusubiri zamu, kuvaa, na kuna mtaalamu wa mambo ya usemi anayekuja mara mbili kwa mwezi, lakini nyumba nzima tukubaliane jina moja na tushike anachofundisha yeye, la sivyo ni kutwanga maji kwenye kinu. Mama Agnetha, kwa aibu nilimjibu, "Mwalimu, huo ni ushirikina wa wakwe zangu, mimi simo." Nilisema hivyo mbele ya Advera, ambaye anajua, na akanitazama mpaka tukafika nyumbani.

Wiki ileile mzee Lugembe akapiga simu. Mtama umevunwa, pombe ya jina itapikwa wiki ya kwanza ya Julai, wamempata katika waliotangulia anayedai jina, ni Nyamizi. Nikasema baba, naomba tusimame kidogo. Akanijibu, "Mama Advera, wewe ulileta la kwenu tukalipokea kwa mikono miwili. Leo la kwetu ndiyo limekuwa la kishenzi? Kama mmeshindwa mleteni huku. Mtoto ni wa ukoo, tutamlea." Mume wangu anasema twende mara hii ya mwisho, halafu ndiyo shule. Jina la tatu nalo tulisema ni la mwisho. Naogopa tukimpeleka hawatamrudisha, na kule hatumjui mwalimu yeyote wa namna hii, na wao hawajui kwamba ugali ukiguswa na mchuzi hali tena siku nzima, hawajui kwamba akitaka kitu anachukua mkono wangu anaupeleka kwenye kitu chenyewe, mtungi, mlango, embe, bila kunitazama usoni. Watamchapa wakidhani ni kiburi. Na pia, Mama, kuna sauti inaniambia, je, kama Nyamizi ndilo lenyewe? Nikikataa, na asiongee maisha yake yote? Au ni ule moshi wa bani la kukaushia tumbaku niliokuwa navuta nikiwa na mimba yake? Nimechoka, nampenda, na simjui. Niambie niende Bukene au nisiende.

Mama Advera, Ntalikwa

MAMA AGNETHA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Majina yenu nimeyabadilisha kama ulivyoomba, ingawa nilipofika kwa binti kalamu iligoma. Mtoto ana majina matatu, la nne linasubiri mtama ulowekwe, na mimi ndiye niliyempa mengine ya gazetini. Mungu anisamehe.

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili na mara ya pili ilibidi niweke miwani pembeni. Hukumficha mtoto ndani, hukumfunga kamba, umempeleka hospitali mara tatu na bado una nguvu ya kuandika. Mama mzembe haendi mara tatu. Na huo moshi wa bani, nani kakuambia? Daktari aliyemwona mtoto alisema si kosa la mtu. Yeye amesomea. Wewe hiyo kazi ya kujihukumu umeisomea chuo gani? Iache.

Sasa nikugombeze kidogo, maana unastahili. Ulimdanganya mwalimu, na uongo wenyewe ukamtupia mzee ambaye hakuwepo kujitetea. Mzee Lugembe amekosea, nakubali, lakini alikosea akimtafuta mjukuu wake kwa njia aliyoijua, na wewe ulipochoka ulipita njia hiyohiyo. Hapo hakuna mshenzi wala mstaarabu, kuna watu wawili wenye hofu. Mimi mwenyewe ni Mnyamwezi. Nikiwa mchanga nililia siku tatu, wakanipa jina la bibi, nikanyamaza, na mama yangu amekufa akiamini ni jina. Mimi nadhani nilichoka kulia.

Lakini hebu tusome barua yako pamoja. Mtoto asiyevumilia mchuzi uguse ugali, unategemea avumilie uzi wa shanga mkononi kutwa nzima? Zilimkera, basi. Hana neno la kusema "nivueni," akatumia meno. Wazee walisikia bibi anakataa, kumbe aliyekuwa akikataa ni mtoto mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Halafu huo mkono wako anaouchukua na kuupeleka kwenye mtungi. Umeniandikia kwa huzuni, na mimi nimefurahi. Huyo anakuita, mama. Kwa mdomo hajui, anakuita kwa mkono. Mweleze mwalimu Veneranda jambo hilo siku ya kwanza, mengine yote baadaye.

Unaniuliza kama Nyamizi ndilo lenyewe. Silo. Wala Zabibu silo, wala Magreth silo. Hakuna jina linalofungua hii kufuli, na hakuna dawa ya kunywa asubuhi na jioni usonji ukaisha. Mwalimu naye hatauondoa. Atakachofanya ni kumfundisha mtoto njia za kukufikia, na kukufundisha wewe njia za kumfikia yeye. Ataongea au hataongea, mimi sijui, na mtu yeyote atakayekuahidi tarehe, mganga au mwenye koti jeupe, mkimbie.

Bukene nenda. Usishtuke. Nenda wiki hii, kabla ya pombe yoyote, wewe na Ngassa wawili tu, mtoto mmwache kwa mtu anayemfahamu. Huendi kubishana. Piga goti, msalimie mzee, na kabla hajafungua mdomo anza na lako: "Baba, jina la Zabibu nililileta mimi, na leo naliacha mimi." Hawezi kuachia lake huku wewe umekumbatia lako. Kisha mwombe pombe aipike, lakini safari hii iwe ya kuwaambia wazee waliotangulia kwamba mtoto ana jina, wamshike mkono, waachie hapo. Anayejua kuwaita wazee anajua pia kuwaaga. Jina liwe Magreth, kwa sababu za kawaida kabisa: ndilo alilobatizwa, ndilo hospitali waliloanza nalo, na ndilo dada yake amelishikilia wakati ninyi wakubwa mnahamahama. Shangazi yako hatakuona msaliti. Aliyekulea anajua ulimlilia.

Mzee akisema mtoto abaki Bukene, ajibu Ngassa, si wewe. Na hapa naongea na wewe Baba Advera, najua unasoma begani mwa mkeo. Kutokunywa na kutopiga ni vizuri, tunakushukuru, lakini hilo peke yake halimlindi mtoto. Mwambie baba yako kwa kinywa chako, kwa adabu yote, "Baba, binti anaanza shule mjini, na atakaa na mama yake." Ukimaliza mkaribishe aje akae kwenu siku mbili tatu, umpeleke akamwone mwalimu akifanya kazi. Usimsimulie, aone. Huyo mzee anamtaka mjukuu wake kwa moyo wote, mpeni kitu cha kufanya.

Ukirudi, mama, nenda kwa mwalimu useme ukweli, na Advera awepo, maana uongo aliusikia na ana haki ya kusikia na mengine. Hospitali nenda na cheti cha kuzaliwa, kama hamna kafuatilieni sasa hivi, uwaombe mafaili yote matatu yawe moja. Taja majina yote matatu bila kuinama, hawatakula. Pita kwa afisa ustawi wa jamii umuulize msaada uliopo kwa mtoto kama huyu, na mwombe mwalimu akukutanishe na wazazi wengine wa kitengo. Unahitaji mtu wa kukaa naye mkacheka, maana kwenye barua nzima sikuona mahali umecheka.

Kisha shule ianze, na nyumba nzima mumwite Magreth, hata siku za hasira. Zitakuwepo siku nyingi utamwita na hatageuka. Siku hizo usiulize ni nani aliyekataa. Acha unachofanya, mwendee, chuchumaa pale anapoweza kukuona, umwite tena, hilohilo.