Mzee Tuliyempigia Makofi

Etobicoke, Kanada, Jumatatu

Dada Kathure,

Majani ya chai yamefika, asante. Yule mzee Mmarekani ninayemwogesha, niliyemsimamisha kanisani tukampigia makofi kwa kupigana vita vya Hitler, jana alinionyesha picha yake ya mwaka wa 1960. Anawamwagia sukari kichwani vijana weusi waliokaa mkahawani wakidai kuhudumiwa kama wazungu.

"Siku hiyo tulicheka!" akaniambia, nami nimepiga magoti namkausha miguu.

Nilimaliza kumkausha, nikatundika taulo. Leo nimemwogesha tena, kwa kuwa ndiyo kazi. Akauliza, "Mbona leo huniimbii kama kawaida?"

"Nimeajiriwa kukuosha tu," nikamjibu.

Mwambie Mama asimwombee tena. Mimi amina siitikii.

Ni mimi mdogo wako, mgongo unaniuma,
Mutuma