Kitambaa cha Mashine Yako

Baba Zainabu, mume wangu,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini siwezi kukuanzia maneno bila salamu.

Unakumbuka pumu yako ilivyotutesa? Kiangazi kikiingia hapa Shinyanga, vumbi likianza kutimka, wewe hulali tena. Unakaa kitandani umeegemea mito mitatu, kifua kinapiga filimbi, nami nakukanda mgongo mpaka adhana ya alfajiri. Miaka kumi na moja nililala nikisikiliza kifua chako.

Ndipo mdogo wako akaja na ile mashine kutoka Ulaya, ya kukusukumia hewa usingizini, na mpira wake wa kufunika pua. Ulipoivaa nilicheka hadi nikakaa chini.

“Cheka tu, Msukuma wewe,” ulisema. “Leo nalala chali kama tajiri.”

Na ukalala kweli. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kifua kimenyamaza, hakuna filimbi, hofu ikanishika, nikakutikisa kwa nguvu zangu zote.

“We mwanamke! Ndiyo kwanza nimepata usingizi, unaniamshia nini?”

“Nilidhani umekufa.”

Tulicheka mpaka Zainabu akagonga ukuta.

Basi nikaifumia kitambaa. Ningeachaje? Redio ilikuwa na chake, makochi yana vyao, mtungi wa maji una chake. Mashine iliyokurudishia usingizi ikae uchi? Nilifuma cheupe, chenye maua mekundu pembeni. Wageni walikisifu, nawe ukajivuna: “Mke wangu huyo.” Karatasi ya maelezo ilikuwa ya Kiingereza, tukaiacha ndani ya boksi. Mchana naifunika mashine yote, usiku nakunja kitambaa nusu. Lakini usiku ule upepo ulikuwa unaingiza vumbi hadi kwenye shuka. Nikaifunika gubigubi, na pindo nikazichomeka chini yake. Kwa mapenzi, Baba Zainabu. Wallahi kwa mapenzi.

Alfajiri ilipokaribia nilizinduka, nikasikia kimya. Siku hizo kimya kilikuwa habari njema. Nikageukia ukutani, nikalala tena. Nilipoamka ulikuwa umeshapoa.

Baada ya arobaini fundi aliifungua. Akatazama, akaguna. “Mama, hii imeungua. Hapa nyuma ndipo inapovutia hewa. Mlikuwa mnaifunika?”

Nikamwambia hapana.

Hapana! Mbele ya mdogo wako, bila hata kupepesa macho. Yeye mpaka leo analaani umeme kukatika-katika, nami naitikia, “Ni kweli, shemeji.” Watu wananiambia ni kazi ya Mungu, nisijitese. Hawajui wananifariji kwa lipi. Zainabu anaolewa baada ya Idi, na anataka nimfumie vitambaa vya nyumba nzima, maua mekundu kama yale. Nikishika sindano mkono unakataa. Namdanganya kwamba macho yamechoka.

Sikuandikii ili unisamehe. Wa kunisamehe ni wewe peke yako, na wewe ndiye niliyemgeuzia mgongo. Sina pa kulipeleka jambo hili. Nitakufa nalo.

Ila ujue bado nazinduka saa ile ile. Nasikiliza. Kimya. Nanyoosha mkono upande wako, natikisa mto.

Lala, mume wangu.

Mkeo,
Mama Zainabu