Niliyokuwa Nikiwanong'oneza Wateja Wako

Baba yangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Wale wateja wa mnada wa Ruangwa walikuwa wakirudi, lakini si kwa sababu ya sauti yako.

Naomba usikasirike huko uliko. Unakumbuka tulivyokuwa tukitoka Nachingwea alfajiri, tumekaa juu ya robota la mitumba kwenye lori? Tukifika unanivika bidhaa. Mimi ninayeona aibu hata kuomba chaki darasani, nasimama kwenye turubai ndani ya koti la mwanamume mzima, mikono inaburuza, nawe unawaita watu: "Njooni muone, mtoto hasikii baridi!" Ruangwa, baba, mwezi wa kumi. Nani alikuwa akisikia baridi?

Sasa, ukigeuka tu, mimi nilikuwa namnong'oneza mteja: "Njomba, kwapani limetoboka."

Yule mzee wa kijiji cha Namungo aliuinua mkono wangu, akaliona tundu, akacheka mpaka akakohoa. Koti akalinunua hivyo hivyo. Kisha akainama: "Na ile suruali?"

"Zipu imekufa."

Suruali akaiacha. Mnada uliofuata alikuja na shemeji zake wawili, wakajipanga upande wangu. Jioni ukamwambia mama, "Mke wangu, hili koo ndilo mtaji," ukaanza kunywa tangawizi ili lisikauke. Ningekuambiaje?

Sasa niko kidato cha tatu. Mwalimu wa biashara ametugawia fomu ya maswali, yote kwa Kiingereza. Je, kwenu kuna anayefanya biashara? Je, ukimaliza shule unakusudia kufungua kampuni yako? Watoto wa wakulima wa korosho wakaandika ndiyo mbiombio. Mmoja ameshajiteua mkurugenzi, bado kampuni tu. Sisi watoto wa wafanyabiashara, watatu darasa zima, tukabaki tunatazamana. Tunajua mvua ikishuka mnadani nani analalia mzigo.

Mama naye alishasema tangu tulipokuzika: "Utasoma uuguzi. Mshahara haulowi." Na fomu inataka sahihi ya mzazi.

Nimeandika ndiyo, baba. Nimeifuta mara mbili, nikairudisha. Nataka duka lenye mlango na bati, kila nguo imetundikwa na kikaratasi kinachotaja ubovu wake, mteja asome mwenyewe, mimi nisilazimike kuongea na mtu. Mkurugenzi wetu wa darasani anasema hiyo siyo kampuni, hiyo ni toba.

Nakukumbuka sana. Ulipokuwa ukicheka peke yako, ukihesabu faida ya koo lako, nilikuwa nafurahi kuliko wewe.

Nasikia kandambili za mama zinakuja. Siku zote akikaribia huwa naikalia barua hii. Leo naiacha mezani, fomu iko pembeni yake. Mlango unafunguka, anauliza ninaandika nini. Namsogezea kiti.

Pumzika, baba.

Binti yako