Habari ya Farasi Niliyompa Seneta

Mpendwa Bi Irma,

Nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri gazetini kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia, nisaidie kabla ya Jumanne, maana Jumanne ndiyo siku kamati itakaposikiliza maoni kuhusu mswada wetu na mimi nimeshajiharibia. Kazi yangu hapa Lincoln, mji mkuu wa jimbo letu, ni ushawishi, vyama vya watu wa kazi mbalimbali vinaniajiri nikavisemee kwenye bunge la jimbo, nasimama nje ya mlango wa ukumbi pamoja na wenzangu, natuma kikaratasi ndani, seneta anatoka, naongea naye dakika mbili tatu, basi, na kazi hii naipenda, sioni haya kuisema. Mmoja wa wateja wangu ni chama cha madaktari wa wanyama, na walipokuja kwangu walitaka sheria ya dawa za usingizi za mifugo tu, nikakubali, halafu katikati kikaingizwa kipengele kwamba asiye daktari asipige tupa meno ya farasi kuyasawazisha, na hapo ndipo nilipotakiwa kusema, jamani, kaka yangu anakula kwa kazi hiyo, lakini sikusema.

Kaka yangu, nitamwita Delmar, anazunguka mashambani kule kaskazini na tupa zake, farasi akiota ncha za meno akashindwa kutafuna anaitwa yeye, hana kazi nyingine wala hataki nyingine. Mwezi wa kumi na moja tulikuwa kwa mama tunakula maharage ya nyama na mikate ya mdalasini kama kawaida yetu, akatusimulia jinsi jino la farasi jike wa mjane mmoja lilivyomvunjikia mkononi, damu ikamwagika, akampigia daktari simu yeye mwenyewe, akakaa bandani na yule farasi mpaka akala tena, na farasi akapona na yule mjane bado anamwita, lakini Bi Irma, alipokuwa akisimulia alilia, kaka yangu ambaye hata baba alipofariki hakulia mbele yetu.

Sasa wiki iliyopita seneta mmoja aliyekuwa akisitasita akaniuliza pale mlangoni, "Hebu niambie ukweli, kuna mnyama yeyote aliyeumia, au madaktari wenu wanataka tu kula peke yao?" Ikanitoka! Nikamwambia kuna farasi mmoja huko kaskazini, fundi amemvunja jino, damu tele, na nikaishia hapo hapo kwenye damu. Akanishika mkono, "Hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Jumanne nitaisema mwenyewe."

Jioni yake Delmar akapiga simu, naye hajui kwamba madaktari hao ni wateja wangu. "Mdogo wangu, kuna watu huko mjini wanataka kuninyang'anya tupa. Wewe si ndiye unayezurura na maseneta? Nakuja Jumanne kusema, nifundishe. Nitavaa lile koti la mazishi la baba, usinicheke." Nikamwambia barabara zina barafu, kaka, usijisumbue. Akacheka sana. "Barafu? Mimi naendesha kwenye barafu tangu wewe hujaota meno!"

Mume wangu anasema ninyamaze, siasa ndivyo ilivyo. Lakini namwona kaka amekaa kwenye kile kiti cha watoa maoni mbele ya kamati, seneta anamsomea habari yake mwenyewe. Nimzuieje asije, bila yeye kujua sababu?

Dada Yake, Lincoln


Pole, mwanangu. Kahawa imenipoa mkononi nikikusoma.

Futa machozi kwanza, maana kazi yako haina ubaya. Daktari wa wanyama hawezi kumwacha ng'ombe anayezaa aje kusimama ukumbini majira yote ya baridi, na seneta aliyekuwa akiuza bima atajuaje mambo ya meno ya farasi asipoambiwa? Lazima awepo mtu wa kumwambia. Ila mtu huyo akisema nusu, bora angekaa kimya. Wewe habari uliikata pale pale inapouzika, na ulijua unapokata. Kwa hilo nakugombeza, tena sana.

Na hilo la barafu! Mtu anakuomba umfundishe kusema, wewe unamwambia abaki nyumbani. Unaniuliza umzuieje? Sikufundishi. Ana haki ya kukikalia kiti kile kama daktari yeyote.

Leo hii mpigie seneta. Mwambie, "Sikukumalizia. Yule mtu alimwita daktari mwenyewe, farasi akapona, na mtu huyo ni kaka yangu. Nakuomba usiiseme." Atakasirika. Mwache akasirike leo ofisini kwake, kuliko Jumanne asahihishwe mbele ya watu na mwanamume aliyevaa koti la mazishi. Ukimaliza, waendee wateja wako, waambie una kaka kwenye kazi hiyo, mswada huu wampe mwingine. Huenda wakakuacha kabisa, sitakudanganya. Lakini huyo mumeo anayekuambia siasa ndivyo ilivyo, siye atakayemtazama Delmar usoni kwa mama yenu Jumapili.

Kisha nenda kwa kaka yako. Nenda kwa gari, hata kama barafu ipo kweli. Usimwandikie maneno ya kusema kwenye kamati, maana wateja wako nao walikuamini wakakuonyesha mipango yao. Mwambie tu ulilofanya: habari ile niliisikia kwako, nikampa seneta, nikaacha mwisho wake. Usianze kujitetea na kile kipengele kilichoingia baadaye, na usilie kabla yake. Kaa. Asipokukaribisha hata kahawa, kaa vilevile.

Limebaki moja, nalo limeniuma kuliko yote. Habari ya kaka yako ulimpa seneta bila kumwuliza, na sasa umenipa mimi, pamoja na machozi yake, ukitaka niitoe gazetini kila mfugaji aisome. Jina umebadilisha, sawa, lakini nani huko kaskazini asiyemjua mpiga tupa wa farasi? Umerudia kosa lile lile huku ukiliungama, mwanangu, wala hukuona.

Kwa hiyo jibu hili nakutumia wewe peke yako. Utakapokwenda kwake, mpelekee barua yako pamoja na jibu langu, avisome vyote viwili. Mimi sitachapa hata mstari mmoja mpaka yeye mwenyewe anipigie simu na kuniambia, "Bi Irma, chapa."

Bi Irma