Chome Wawili

Ukunda,
Jumamosi asubuhi.

Kwako kaka Mwinga,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta u mzima huko Samburu, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la malori kimekuachia. Sisi huku tu hai sote, na neno hilo "hai" silisemi kwa mazoea. Wifi Jumwa anakusalimu sana. Mwanao Chome ameng'oka jino la mbele na kutwa anapiga mluzi kwa pengo lake. Baba naye anakusalimu, na habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu. Kwenye simu ungenikatiza kila neno, nami nakujua.

Unajua kuwa ofisi yetu ndiyo iliyotengeneza ile programu ya zahanati, kuanzia huko kwenu mpaka Msambweni. Mgonjwa akifika, muuguzi anaandika jina na nambari ya simu, na kompyuta inamwonyesha maradhi yake na dawa zinazomdhuru. Tulipoanza kuijenga niligombana na mwenzangu Abdulwahab mpaka mwenye duka la chini akauliza kama sisi ni mke na mume. Tuligombania lugha ya kuiandikia. Abdulwahab ni mtu wa zile lugha za kuamuru: unaiambia mashine chukua hiki, kiweke pale, sasa kibadilishe. Jambo jipya likija, la zamani linafutwa palepale, kama ubao wa darasani. Mimi nilitaka lugha ya namna nyingine, ambayo kilichokwisha kuandikwa hakiguswi. Unatengeneza kipya kutokana na cha zamani, na cha zamani kinabaki, kama tulivyokuwa tukikandika jiko la marehemu mama, udongo mpya juu ya udongo wa mwaka jana.

Sitamsingizia Abdulwahab, alikuwa na hoja. Alisema kompyuta za zahanati ni dhaifu, na kwamba Ukunda nzima lugha yangu naijua mimi peke yangu, kwa hivyo nikiugua siku moja nani atairekebisha? Mkubwa wetu, Bwana Samuel Chengo, alikuwa na haraka ya kuwaonyesha wakubwa wa kaunti, akamkubalia yeye. Nilinuna, nikala chakula changu peke yangu wiki nzima, kisha nikaandika walivyotaka.

Sasa sikia. Mwezi uliopita mwanao alishikwa na homa, wifi akampeleka zahanati yetu ya Bongwe. Akaulizwa jina, akasema Chome Mwinga. Akaulizwa simu, akatoa yake, ambayo ndiyo hiyohiyo anayoandikishia baba, kwa kuwa mzee hataki kusikia habari ya simu. Na wewe mwenyewe ndiwe uliyempa mtoto jina la baba yetu kama ada yetu ilivyo, nawe ulipewa la babu yetu. Baba ni Chome wa Mwinga na mwanao ni Chome wa Mwinga. Mashine ikaona ni mtu mmoja. Wifi alipoulizwa dawa inayomdhuru mtoto akajibu hakuna, na jibu hilo likafuta lililokuwapo.

Jumanne baba alijikata mguu kwa jembe, ukavimba na kutoa usaha. Wifi akanipigia kutoka zahanati kwamba mzee yuko kwenye foleni ya sindano, nisiwe na wasiwasi, kisha simu yake ikaisha moto. Nikafungua habari za baba kwa udaku tu. Nikaona umri wa mtoto. Nikashuka chini, penye dawa zinazomdhuru, nikaona: hakuna. Kaka, wewe ulikuwapo siku ile penisilini ilipomvimbisha baba koo mpaka mama akaanza kulia kilio cha msiba.

Nilipiga simu ya zahanati, ikaita mpaka ikachoka. Abdulwahab akaja akaangalia kioo changu, akatoka mbio kutafuta bodaboda ya kumfikisha Bongwe. Nikamwendea Bwana Chengo, aliyekuwa na wageni wake wa kaunti, nikamnong'oneza kwamba tuzime mtambo wote. Wauguzi wamefundishwa kuwa kompyuta ikizimika warudi kumuuliza mgonjwa kwa mdomo, na hawachomi sindano kabla hawajaiandika kwenye kompyuta. Akanijibu huku akitabasamu, wageni wasijue, kwamba niendelee kupiga simu. Nikasema moyoni liwalo na liwe. Nikauzima, zahanati zote, kuanzia Samburu mpaka Msambweni, mbele ya macho yao.

Muuguzi, Bwana Ramadhani, alikuwa amekwisha kuivuta dawa. Kioo kikawa cheusi. Akaiweka sindano kwenye sinia, akamuuliza baba kama kuna dawa asiyopatana nayo. Baba akamwambia ipo, na akaitaja. Abdulwahab alipofika alimkuta mzee anakunywa maji, akakaa chini sakafuni akalia mbele za watu.

Na sasa, kaka, nikueleze nisilotaka kukuambia kwa simu. Bwana Chengo aliwaambia wageni kuwa stima ilipotea, akatuamuru turekebishe kimyakimya. Lakini ni nyumba ngapi huku kwetu zina babu na mjukuu wa jina moja na simu moja? Na nisijisifu, hata lugha yangu ingewachanganya Chome wawili, ila onyo la baba lingebaki chini yake, mtu akaliona. Jumatano nilizipigia zahanati zote nikawaeleza ukweli. Alhamisi nilifukuzwa. Abdulwahab amebaki, na ndiye anayeiandika programu upya, kwa njia yangu. Kila saa ananipigia kuniuliza, nami namjibu. Kununa kwangu hakumponyi mtu.

Baba nilimweleza jana. Akasema, "Mtoto alipewa jina langu nisifutike." Leo asubuhi nimemkuta amemkalisha mwanao kizingitini, anamfundisha kusema mbele ya muuguzi yeyote: mimi ni Chome mdogo, mwenye kudhuriwa na sindano ni babu. Mtoto anasema kwa mluzi wa pengo, na mzee anamrudisha mwanzo mpaka atamke sawasawa.

Njoo umwone. Nawe ukienda zahanati ya huko usiiachie kompyuta ikusemee. Wasalimie wenzako wa mnadani, na Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dadako akupendaye,
Kadzo wa Chome mkubwa.