Kiganja Juu ya Kopo

Jumatatu, 3 Machi

Nimefagia mbele ya duka kama kila asubuhi. Dorika bado anachota kwenye gunia lile lile la maharagwe ya Marabo. Hili ni juma la pili. Zamani gunia lilikwisha kwa siku mbili. Magari ya mizigo hayafiki mara kwa mara siku hizi, na watu wamepunguza kula. Duka aliliacha marehemu mke wangu. Dorika ni mjane wa mwanangu. Hatuna mwingine nyumbani.

Jumatano, 5 Machi

Kaka yake Dorika amepiga simu kutoka kwao, Boga. Dorika ameniambia akiosha sufuria, mgongo kwangu: "Papa, duka ikikufa, mi narudia kwetu."

Vyumba vinne, na mimi peke yangu. Ninaogopa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua tundu la hasara. Ni matabishi. Kopo likijaa, muuzaji huongeza kiganja kimoja juu, bure. Ndiyo desturi. Lakini viganja kumi ni kopo zima, na makopo hayo yanatoka kwenye gunia letu. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, sijakosea.

Nimemwambia aache. "Papa, Mama alikuwa anaongezaka," akasema. Nikajibu kwamba Mama, mke wangu, hakujua kugawanya. Neno hilo limenichoma lilipotoka.

Jumatatu, 10 Machi

Mama Zawadi, anayepika maharagwe ya kuuza karibu na shule, alinunua makopo matatu. Akabaki ameshikilia mfuko wazi. Dorika akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Mwalimu! Unatupimia madesu sawa dawa ya hospitali?"

Wanawake waliokuwa wakisubiri maharagwe yao wakacheka. Mama Zawadi akafunga mfuko polepole, akaenda. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Alhamisi, 13 Machi

Wateja wanne tangu asubuhi. Hesabu ilikuwa sahihi na duka ni tupu.

Nimekaa nikikumbuka mkono wa mke wangu. Alipojaza kopo alinyamaza, akisawazisha. Alipoongeza kiganja ndipo alipouliza: mtoto amepona? Mumeo amepata kazi? Hapo ndipo biashara ilipokuwa. Mimi nilihesabu punje.

Dorika ameshusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Liko karibu na mlango.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwomba Dorika msamaha. Kwa mtu wa umri wangu si jambo jepesi kusema. Amesema, "Ni sawa, Papa." Sanduku halikusogea.

Jumamosi, 15 Machi

Nimechana daftari la zamani, nikafunga maharagwe kiganja kimoja kimoja. Nyumba saba za wateja niliowanyima, kwa miguu. Aibu njia nzima.

Mama Zawadi alikuwa kwenye moto. Nikamwambia nimeleta matabishi niliyomnyima. Akaifungua karatasi, akaipima kwa macho.

"Moja tu? Na amande iko wapi, Mwalimu?"

Faini, yaani. Nikatoa ya pili. Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Kisha akanisogezea chai. "Tangu kilio ya Mama hukufikaka hapa. Tulisema muzee alitukataa."

Miaka miwili. Sikujua kwamba kuna mtu aliyehesabu. Nikanywa chai yake, vikombe viwili.

Jumatano, 19 Machi

Watano kati ya wale saba wamerudi, na wengine nyuma yao. Gunia jipya limefika nusu tangu juzi. Si kama zamani, lakini linashuka. Dorika anaongeza kiganja, na anauliza habari za watoto. Mimi ninasalimia.

Kaka yake amepiga tena. Nimesikia neno moja tu kutoka uani: "Ngojea." Sanduku bado liko mlangoni. Nimelipita mara sita leo.

Jumapili, 23 Machi

Mvua tangu tutoke ibadani. Duka limefungwa. Dorika amepakua chakula, sahani yangu kwanza. Kisha akarudisha mwiko chunguni, akaniongezea kidogo juu.

Mlangoni kuna viatu tu. Sikuuliza.